Kumbe bahili wa Forodhani ni mimi

Wikiendi yangu ilianza poa ikaishia kwenye kasheshe, na leo nimeamua kujianika mwenyewe kabla washikaji hawajanianika.

Tulikuwa watano. Safari ya Zanzibar tuliipanga tangu enzi hizo, na kila ikikaribia mtu anachomoa. Safari hii tukachanga mapema nauli ya boti, kwenda na kurudi. Kulala bwerere, kwa shangazi wa mmoja wetu pale Michenzani. Msosi tukakubaliana kila mtu na mfuko wake. Shika hapo kwenye msosi, tutarudi.

Jumamosi asubuhi tukapanda boti Dar, kama saa mbili baadaye tukashuka Malindi. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo, na yule dada anayejifanya ngangari kuliko wote ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba mfuko wa kutapikia!

Mji Mkongwe hautaki pupa. Vichochoro vinapinda mpaka unajikuta umerudi kwenye mlango uleule wa njumu uliopigia picha robo saa iliyopita. Tukaanzia Mkunazini, kwenye Kanisa la Anglikana. Hapo palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, ndipo Askofu Edward Steere akajenga kanisa. Ukiingia angalia zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Wanasema mafundi walizisimika hivyo askofu akiwa hayupo. Nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Tuliingia tunapiga kelele, tukatoka kimya.

Njaa ikatupeleka Darajani, kwenye lile soko la tangu mwaka 1904. Tukaagiza urojo: viazi, bajia, katlesi, mishikaki, chipsi za muhogo, halafu ule mchuzi mzito wenye ukali wa ndimu na embe. Jamani! Mshikaji wetu mmoja, mrefu, tunamwita Twiga, akasema tumbo halipo sawa. Akanywa maji.

Tukaendelea. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kumtimua Mreno mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Hilo tuliliangalia kwa nje tu, maana sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakapoteza maisha. Shangani tukapita kwa heshima ya Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Twiga ndiye aliyekuwa anatusimulia yote haya. Jamaa anajua historia huyo, lakini midomo ilikuwa imemkauka.

Jua likizama tukatua Forodhani. Vijana wanajirusha baharini, taa zinawaka, moshi wa mishikaki umetanda. Kuna pweza, kuna juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, kuna ile pizza ya Kizanzibari inayokunjwa na nyama na yai ndani, ikakaangwa kwenye chuma. Sisi tukashambulia. Twiga akajitenga ukutani, uso baharini.

Mimi na mdomo wangu nikapiga kelele: "Twiga, ubahili utakuua! Hata muhogo?" Watu wakacheka, mpaka muuza pizza. Twiga naye akacheka, ila cheko lake halikufika machoni.

Nikamfuata na sahani yangu ili niendelee kumtania. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Kazini nimesimamishwa wiki tatu sasa, ndugu yangu. Nauli ya boti nilishachanga, nikaona nisiwaharibie safari. Iliyobaki mfukoni ni ya daladala ya kunifikisha nyumbani."

Nikaishiwa maneno. Halafu nikakumbuka kitu kilichonitoa jasho: mwaka jana nilipochacha, Twiga huyu huyu alinikopesha elfu ishirini. Sijalipa. Hajawahi kudai, hata pale nilipomwita bahili mbele ya umati.

Nikatoa noti mbili za elfu kumi nikamshikisha. Akaniuliza za nini. Nikamwambia, "Za mwaka jana." Akanyamaza, kisha akasema, "Basi nenda kaniagizie pweza, wewe bahili." Tukacheka wote wawili, safari hii kwelikweli.

Asubuhi shangazi akatuandalia chapati na maharage ya nazi kwenye sinia moja, wote watano mikono ndani. Hakuna aliyejua nani anacho na nani hana. Nikawaza, kwa nini msosi tuliuacha nje ya mchango? Tulimbana mtu njaa mchana kutwa kwa sababu tu ya mipango yetu mibovu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mkipanga kutoka na washikaji, msosi uingie kwenye mchango, na kiwango kipangwe kwa kumwangalia yule mwenye mfuko mwepesi. Na kabla hujamwita mwenzio bahili, kagua madeni yako kwanza.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Twiga, pweza wa safari ijayo ni juu yangu!