Eti bidhaa za kidijitali hazirudishwi? Uongo mtupu!

Kazi za wateja zimenibana na sikuwa na nia ya kuandika wiki hii. Lakini kuna jambo limenikera mpaka usingizi umenipaa, na heri nilitapike hapa kuliko kumfokea mtu asiyehusika.

Jumamosi dadangu alinipigia simu. "Kaka, hebu niangalizie kadi yangu. Inasema haina kitu, na kesho nafaa kuchukua mzigo." Dada huuza mitumba. Nikaangalia. Mara 8 shilingi 400, mara 3 shilingi 500. Jumla shilingi 4,700, zote chini ya nusu saa, zote zimenunua almasi. Si almasi za kuvaa kidoleni, la. Almasi za mchezo wa simu. Mpwa wangu ana miaka 7, simu ilikuwa imeachwa sebuleni, na kitufe kilikuwa kikubwa, cha kijani, kinametameta.

Kabla hamjamlaumu mtoto au mamake, nilaumuni mimi. Mimi ndiye niliyeingiza kadi hiyo kwenye simu mwaka jana nilipomlipia dada programu ya kuhesabu mauzo, na sikuweka sharti la nywila kabla ya kila ununuzi. Fundi mzima wa programu! Hilo nimelikubali.

Saa moja baadaye tukaomba pesa. Duka la programu likatuambia tuongee na wenye mchezo. Wenye mchezo wakatuambia tuongee na duka. Tulipowarudia, wakajibu kwamba bidhaa za kidijitali zikishatolewa hazirudishwi, kisha wakatuongezea almasi 50 za bure kama pole. Mtoto alifurahi sana. Dada hakuchukua mzigo.

Sasa tuongee kama mafundi. Almasi hiyo ni nini? Ni namba kwenye jedwali la hifadhidata iliyo katika seva yao. Ukinunua, duka linaipa seva risiti yenye namba yake ya kipekee, seva inaikagua, inakuongezea 100. Kurudisha ni kutoa 100 ileile. Basi! Sukuma wiki ukiirudisha kibandani imeshanyauka, mama mboga ana haki ya kuikataa. Almasi ya mchezo hainyauki.

Na vifaa vya kufanya hivyo vipo. Google huwawezesha watengenezaji kuuliza ni manunuzi gani yamefutwa au kurejeshewa pesa, ili seva yao iondoe bidhaa. Apple huiarifu seva ya mtengenezaji pesa zikirudishwa, na tangu iOS 15 ya mwaka 2021 mtengenezaji anaweza kuweka kitufe cha kuomba pesa ndani ya programu yenyewe. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika msimbo wa aina hii kwa mteja. Ulinichukua siku mbili, pamoja na majaribio. Kwa hiyo mtu akiniambia "haiwezekani", namwelewa vizuri: anamaanisha "hatutaki".

Ukitaka ushahidi, tazama walivyobadilika waliposhikwa shati. Mwaka 2014 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana Apple kuhusu watoto kununua vitu bila idhini ya wazazi, na Apple ikakubali kurudisha angalau dola milioni 32.5. Mwaka huohuo Google ikakubali kurudisha angalau dola milioni 19. Desemba 2022 zamu ikawa ya Epic Games, wenye Fortnite: dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji. FTC ilidai kwamba mtu aliweza kutozwa kwa kubonyeza kitufe kimoja tu, hata mchezo ukiwa bado unapakia. Tena waliokwenda kwa kampuni za kadi kupinga malipo ambayo hawakuyaidhinisha, akaunti zao zilifungwa. Yaani unaibiwa, ukipiga kelele unafungiwa nje ya nyumba yako!

Kwenye michezo ya kompyuta ni hadithi ileile. Australia ilimshtaki Valve, mwenye duka la Steam, mwaka 2014, kwa sababu aliwaambia wateja hawana haki ya kurejeshewa pesa. Mwaka 2015 Steam ikaanza utaratibu wake wa sasa: siku 14 tangu kununua, na uwe umecheza chini ya saa 2. Desemba 2016 mahakama ikampiga Valve faini ya dola milioni 3 za Australia. Na je, Steam ilifilisika kwa kurudisha pesa? Thubutu!

Najua kuna wenzangu wa fani watakaoniandikia kwamba watu watacheza, wamalize, kisha wadai pesa. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2021 mtengenezaji wa mchezo mfupi wa Summer of '58 alilalamika hadharani kwamba watu waliumaliza chini ya saa 2 na kurudishiwa pesa. Niliumia kwa niaba yake, maana hata mimi nala kwa jasho hili hili. Lakini dawa ni kurekebisha kipimo kiendane na urefu wa mchezo, au kumnyima anayerudisha kila kitu kila wiki. Seva inajua nani amecheza dakika ngapi na ametumia almasi ngapi. Mpwa wangu alikuwa hajatumia hata robo ya zile alizonunua. Wangeweza kuchukua zilizobaki na kurudisha pesa zake. Huyo si mwizi, ni mtoto.

Tuje nyumbani. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupewa habari za kutosha, kulindwa maslahi yake ya kiuchumi na kulipwa fidia kwa hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inagusa hata mikataba ya kwenye intaneti: mnunuzi apewe nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha kosa kabla ya kufunga mkataba. Nafasi hiyo iko wapi kwenye kitufe cha kijani kinachometameta mbele ya mtoto wa darasa la pili?

Na huduma za kidijitali kutoka nje zinatozwa VAT ya asilimia 16 hapa Kenya. Serikali ilijua kuzifuata kampuni hizo kuchukua kodi. Basi izifuate pia kuchukua pesa za dadangu.

Ninachodai si kikubwa. Kila ununuzi ndani ya mchezo uombe nywila, bila mzazi kuitafuta kwenye mipangilio. Kuwe na saa 48 za kujutia, kwa chochote ambacho hakijatumika. Duka lililopokea pesa ndilo lijibu, si kutupigisha danadana. Na anayepinga malipo asifungiwe akaunti.

Wewe nawe usingoje sheria. Chukua simu ya mamako, ya dadako, ya mkeo, leo hii. Weka sharti la nywila kwa kila ununuzi, ondoa kadi isiyotumika, na risiti zinazotumwa kwa barua pepe usizifute. Likitokea la kutokea, omba pesa kwa maandishi siku hiyohiyo. Ukikataliwa, omba tena, kisha peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, ambayo hushughulikia pia malalamiko ya watumiaji.

Mimi zile 4,700 nimemlipa dada kutoka mfukoni mwangu, maana kosa la kadi lilikuwa langu. Lakini barua ya nne kwa wenye mchezo nimeshaituma, na ya tano iko tayari. Almasi zao 50 za pole nimewaambia wazichukue. Wao si husema hazirudishwi? Tuone.