Nani Atakuwa Adui Safari Hii?



Wasomaji watuwie radhi. Juma lililopita tuliahidi kuendelea na mlango wa mahari, na barua za akina mama juu ya suala hilo zingali mezani petu. Lakini limezuka jambo nyumbani kwetu katika likizo hii ya Desemba ambalo kila tukilisukuma kando hurudi. Tumeona heri tuliandike kwanza, mahari yangoje.

Wakati wa likizo watoto wa ndugu na dada zetu hujumuika kwetu, wakubwa kwa wadogo, na nyumba hujaa hadi darini. Usiku mmoja katika siku za mwisho za mwezi ule tulirudi kutoka sala ya Isha tukawakuta barazani wakibishana, sauti zimefika mtaa wa pili. Tulidhani ni mpira wa Uingereza, kwani hiyo ndiyo fitina ya kawaida ya umri wao. Haikuwa mpira. Walikuwa wakigombania adui: ni nani atakayekuwa mwovu katika filamu ya pili ya Batman, filamu ambayo wakati ule ilikuwa haijapigwa hata picha moja, na ambayo siku zile zile ilitangazwa kwamba haitaonyeshwa hadi tarehe 1 Oktoba 2027. Kwanza iliahidiwa 2025, ikasukumwa 2026, kisha ikasukumwa tena. Tukasema moyoni kwamba wenye madeni nao husema hivyo hivyo.

Tulikwisha vuta pumzi ya kukemea. Dada yetu mkubwa, ambaye alikuwa ameketi mlangoni na sinia lake la kahawa, akatuzuia. "Kaa kwanza usikize," akasema. "Wewe hukemea kabla hujasikia." Tukakaa.

Kwa mama asiyemjua, Batman ni mtu wa hadithi za picha za Marekani, aliyechapwa mara ya kwanza mwaka 1939 kwa kazi ya Bob Kane na Bill Finger. Ni mwana wa tajiri katika mji wa kubuni uitwao Gotham. Wazazi wake waliuawa mbele ya macho yake angali mtoto, akalelewa na mtumishi wa nyumba, na alipokuwa mtu mzima akavaa vazi la popo na kuwawinda waovu usiku. Hana nguvu za kijini, hawezi kuruka. Ana mali na ana uchungu. Filamu tunayoizungumza, ya mwaka 2022, iliongozwa na Matt Reeves, na aliyeuvaa upopo ni Robert Pattinson. Urefu wake unakaribia saa tatu. Twajua kwa sababu tuliketi tukaitazama yote juma lililofuata, na wala hatuoni haya kulisema, maana mtu hawezi kuhukumu kesi asiyoisikiliza.

Basi barazani mmoja akashikilia kwamba adui lazima awe Joker, kwani mwishoni mwa filamu ya kwanza anaonekana ndani ya chumba cha gereza la wendawazimu akicheka. Mwingine akamjibu kwamba Joker ni makapi ya muwa, ametafunwa hadi hana utamu: Heath Ledger alimwigiza katika filamu ya 2008, akafariki kabla haijatoka na akapewa tuzo ya Oscar akiwa kaburini, Joaquin Phoenix naye akamwigiza mwaka 2019 akapata tuzo hiyo hiyo, nani atathubutu kusimama baada ya hao? Binti mmoja, mwanafunzi wa sekondari, alimtaka Mr. Freeze, mwanachuoni wa sayansi ambaye mkewe ana maradhi yasiyo dawa, naye akamgandisha katika barafu ili asife mpaka dawa ipatikane, kisha akaingia katika wizi na uuaji kuitafuta dawa hiyo. Binti akaeleza, kwa umakini wa mtu anayesoma hukumu, kwamba hapo kale mtu huyu alikuwa mwizi wa barafu tu asiye na maana, na kwamba kisa cha mke kiliingizwa katika kipindi cha katuni cha televisheni mwaka 1992. "Huyo mume," dada yetu akasema kutoka mlangoni, "ningemsamehe nusu." Akina mama waliokuwa ndani wakacheka hadi ubishi ukasimama kidogo.

Mdogo wao, wa miaka tisa, akataja jina ambalo kwanza hatukulitambua kwa jinsi alivyolipotoa Kimarekani. Tukamwambia alirudie. Kumbe ni Ra's al Ghul, yaani kwa Kiarabu kichwa cha zimwi! Huyo alibuniwa mwaka 1971, na katika filamu ya 2005 aliigizwa na Liam Neeson, akitaka kuuangamiza mji mzima wa Gotham kwa madai kwamba umeoza. Tukawatamkia jina kama lilivyo, tukawaambia kwamba lilikuwa jina la nyota kabla halijawa la mtu wa sinema. Wazungu waliichukua nyota hiyo kwa jina lake la Kiarabu wakaiita Algol, nayo hufifia na kurudia mwanga wake kila baada ya siku tatu kasoro saa chache, kama jicho linalokonyeza. Na tukawaambia jambo ambalo liliwafumbua vinywa: kwamba Waswahili wanaye Rasi 'lGhuli wao tangu karne ya kumi na tisa, katika utenzi wa Mgeni bin Faqihi wenye beti zaidi ya 4,000, ambao ulichapwa Dar es Salaam mwaka 1979. Dada yetu aliusikia ukisomwa utotoni, usiku kwa usiku, kwa taa ya mafuta.

"Na huyo wenu alifanya nini?" mdogo akauliza.

Dada akamjibu kwamba alikuwa mfalme dhalimu, aliwaua wana wa mwanamke Mwislamu, na yule mama akasafiri hadi Madina kushitaki. Ndipo majeshi yakatoka. Tukaona nasi, kwa mara ya kwanza ingawa utenzi ule tunaujua miaka yote, kwamba hadithi yetu inaanzia kwa mwenye kudhulumiwa. Mama anaingia kwanza, na shujaa anakuja kwa sababu yake. Wapenzi wa Batman hungoja miaka mitano na sita wakiulizana adui atakuwa nani, atavaa nini, ataigizwa na nani, na ni nadra kusikia mmoja akiuliza ni nani atakayekuwa ameonewa.

Hilo tulikuwa tumeanza kulisema kwa fahari kidogo, kama mtu aliyeshinda mjadala, pale kijana mmoja aliyekuwa kimya muda wote alipofungua kinywa. Ni mwana wa marehemu ndugu yetu, aliyetimia miaka 15 mwezi wa Septemba. Yeye, akasema, anamtaka Hush. Wengi hawakumjua, akawaeleza: ni rafiki wa utotoni wa Batman, aliyeharibu breki za gari la wazazi wake ili wafe arithi mali. Baba akafa, mama akaokolewa na daktari, na daktari huyo ni babake Batman. Akataja na ushahidi wake, kwamba katika filamu ya 2022 kuna mwandishi wa habari wa ukoo huo huo wa Elliot aliyeuawa zamani, na kwamba neno hush, la kumnyamazisha mtu, linaonekana katika mojawapo ya kanda alizozitoa adui wa filamu hiyo.

Adui huyo ni Riddler, mtega vitendawili, na hapo mjadala ukageuka. Binti wa Mr. Freeze akasema Riddler ni shetani mtupu. Kijana akatikisa kichwa.

Ni lazima tukieleze kisa. Katika filamu, babake Batman aliahidi dola bilioni moja ziwe mfuko wa kuufufua mji na kuwatunza yatima. Akauawa. Mfuko ukabaki, mwenyewe hayupo, msimamizi hapana. Na wakuu wa mji, kuanzia meya hadi polisi na mwendesha mashitaka, wakaugawana pamoja na majambazi. Riddler alikulia katika nyumba ya yatima iliyoachwa bila kitu, watoto wamerundikana, baridi na panya. Alipokua akaanza kuwaua wakubwa wale mmoja mmoja, akiacha vitendawili. Na aliyemchukia kuliko wote ni yatima mwenzake, yule ambaye gazeti zima lilimlilia kwa sababu mali yake ilikuwa salama.

"Kuua alikosa, Ami," kijana akasema, akitutazama sisi na si wenzake. "Lakini aliyosema yalikuwa kweli. Waliowala wale watoto hawakuvaa barakoa. Walikuwa watu waheshimiwa wenye daftari."

Tukamjibu upesi, labda upesi mno, kwamba mwisho wake Riddler alilipua kuta zinazozuia bahari, na maji yakaingia mjini, na maji hayachagui kati ya mwizi na yatima. Tuliyasema hayo kwa hakika ya watu wa pwani. Ni jawabu sahihi, na filamu yenyewe inalisema vizuri: Batman anaanza kwa kujiita kisasi, na mwishoni mmoja wa wafuasi wa Riddler anapovuliwa barakoa anajiita kwa jina hilo hilo, naye Batman anasimama kama mtu aliyejiona kwenye kioo. Kisha anashuka majini akiwa na mwenge, akiwaongoza watu watoke. Hiyo kwetu ndiyo sehemu bora ya saa zile tatu. Binti akaongeza habari za Victor, kijana aliyepoteza jamaa zake katika gharika ile akamfuata jambazi Penguin kama baba, na mwisho wa tamthilia ya mwaka 2024 Penguin akamnyonga kwa mikono yake kandokando ya maji. Tamthilia hiyo imejaa matusi na damu, si ya watoto. Ni nani aliyewaonyesha, hilo tutawauliza.

Kijana hakutujibu. Alisema "Naam, Ami," kwa adabu, akaenda kulala.

Sasa wasomaji wajue tusilowaambia. Ndugu yetu alifariki miaka mitatu iliyopita na miezi miwili. Aliacha nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha, mjane, na watoto watatu, wa kwanza akiwa huyu. Wakati wa hitima jamaa walikubaliana kwamba kodi tuikusanye sisi, kwa kuwa sisi ndio wenye elimu ya mirathi, na kwamba mgawanyo ufanywe "mambo yakitulia". Kodi ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Tumelipa ada za shule, tumelipa dawa za mjane alipougua, tumelipa paa. Hatujala. Twaandika haya mbele ya Mola wetu na mbele yenu. Lakini hatujamwonyesha mjane wala watoto ukurasa hata mmoja wa daftari hilo katika miezi 38, na mgawanyo tumeusukuma mwaka hadi mwaka kama watengenezaji wale wanavyoisukuma filamu yao. Tunawafundisha watu kila Jumamosi mafungu ya mirathi. Mjane akitaka fedha ya sare za shule huja akatuomba, nasi humpa, naye hutushukuru. Ametushukuru kwa mali yake mwenyewe.

Hatukulala usiku ule. Tulimwamsha dada yetu, tukamweleza. Hakushangaa. "Mkewe aliniuliza mwaka jana," akasema, "nikamwambia asubiri, kwa kuwa ni wewe."

Ijumaa baada ya Asri tuliwaita mjane na mwanawe sebuleni, dada akiwa shahidi, tukaliweka daftari mezani. Mjane alikataa kulishika. Alisema anatuamini, na kauli hiyo ilituuma kuliko tuhuma. Kijana hakukataa. Alilifungua ukurasa wa kwanza, akaomba kalamu, akaanza kujumlisha, polepole, akitia alama ndogo pembeni mwa kila mwezi. Alimaliza miezi 26 bila kuuliza neno. Kisha akasimamisha kidole.

"Ami, hii ya paa ni 64,000. Stakabadhi zilizobanwa hapa ni za 41,000."

Tulitazama. Ni kweli. Twakumbuka tulimlipa fundi fedha taslimu mara ya pili, mvua ikinyesha, wala hatukuandikiana. Yamkini ndivyo. Tulimwambia hivyo, naye akaandika pembeni, kwa hati safi aliyofunzwa madrasa kwetu: haijathibitika. Mama yake akamgusa bega amwachie. Tukasema aliache neno lake lilivyo.

Tarehe ya kwenda kwa kadhi kugawanya ni Jumatano ijayo, inshallah. Daftari sasa liko kwa mjane, na wapangaji wameambiwa kodi waipeleke kwake. Fundi wa paa tumempata kwa simu, amehamia Malindi. Amesema akirudi nyumbani jioni atatazama katika vitabu vyake vya zamani.