Ile meli ya jangwani

Wadau, nadhani wengi wetu tumeshaiona ile picha. Meli kuukuu imejaa kutu, imekaa katikati ya mchanga wa jangwa la Namib, Namibia, kama vile kuna mtu aliiegesha akasahau. Bahari yenyewe iko mamia ya mita pembeni. Nzuri kweli, sibishi.

Jina lake ni Eduard Bohlen. Ni meli ya mvuke iliyoundwa Hamburg mwaka 1891, mali ya kampuni ya Woermann ya Ujerumani. Septemba 5, 1909, ikitoka Swakopmund kwenda Cape Town, ilikumbwa na ukungu mzito ikapanda mchanga pale Conception Bay. Walishindwa kuinasua. Miaka ikapita, mchanga ukajaa, ufukwe ukasogea, meli ikabaki nchi kavu.

Watalii husimuliwa mpaka hapo. Mimi nasema hapo bado hatujaanza.

Rudi nyuma miaka 5. Januari 1904 Waherero waliwaasi Wajerumani waliokuwa wakiwapora ardhi na ng'ombe. Waherero waliokuwa Swakopmund wakakusanywa na kufungiwa melini. Meli ipi? Hiyo hiyo Eduard Bohlen! Oktoba mwaka huo Jenerali Lothar von Trotha akatoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya Wajerumani apigwe risasi. Kufikia 1908, makumi ya maelfu ya Waherero na Wanama walikuwa wamekufa. Ujerumani ilikuja kukiri kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka 2021.

Sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Serikali iliyofanya hayo ndiyo iliyozima Maji Maji hapa kwetu kati ya 1905 na 1907, na Rais Steinmeier alikuja Songea kuomba msamaha mwaka 2023. Nasi tuna boma la Wajerumani pale Bagamoyo. Ni wangapi wanaopiga picha pale na kuuliza lilijengwa kwa ajili gani?

Najua kuna atakayesema, ah, meli ni chuma tu, chuma kina kosa gani? Sawa. Sisemi ibomolewe, wala sisemi watu waache kuipiga picha. Nasema anayeionyesha aisimulie yote, na sisi waandishi tuwe wa kwanza.

Wengi waliokufa miaka ile hawana hata kaburi lenye jina. Meli yenyewe ina jina, na dunia nzima inalijua.

Tutafakari.