Gari unaloliuza bado ni lako



Jumapili moja ya mwezi Agosti mwaka jana, baada ya ibada ya pili hapa Shinyanga mjini, mzee mmoja wa kanisa alisimama nyuma ya gari letu, akaisoma namba, akacheka. "Mwalimu, bado mko na B tu?" Nikacheka na mimi. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani hakuna aliyecheka, na kijana wetu wa kidato cha tatu akauliza swali ambalo mimi na mama yake tulikuwa tunalizungusha tangu Pasaka: hili gari tutalibadilisha lini?

Namba za magari yetu zinakwenda kwa herufi, na watu wamejifunza kusoma hali ya mtu kwenye herufi hiyo. Mwenye A au B anaonekana amesahaulika, mwenye E amekumbukwa. Kumbe namba inasema tu gari liliingia lini kwenye daftari la Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2006 likishushwa bandarini leo linapewa herufi mpya, na majirani wanalipongeza kama mtoto mchanga. Letu lilitengenezwa mwaka 1998, likasajiliwa hapa mwaka 2010. Maana yake, siku tuliyoshangilia "gari jipya" lilikuwa na miaka 12. Nabii Samweli alifunzwa jambo la namna hiyo nyumbani kwa Yese, alipovutiwa na kimo cha mtoto wa kwanza (1 Samweli 16). Sijawahi kusikia sura ile ikihubiriwa kwa habari ya namba za magari, na pengine ingefaa.

Huku kwetu jaribu hili lina mbolea yake. Tunaishi juu ya almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940, na majirani zetu wa Kahama na Geita wanaishi juu ya dhahabu. Mwezi Machi mwaka 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 3,000, na Oktoba ya mwaka huohuo ikavuka 4,000. Mwenye duara Nyarugusu akipata mwamba, haipiti muda shangingi linasimama kwenye uwanja wa kanisa likisubiri kuombewa. Sisemi haya kwa wivu. Tumewaombea watu hawa walipokuwa wanashusha matimba miezi na miezi bila kuona kitu, na wakileta gari tunamshukuru Mungu pamoja nao kwa moyo wote. Shida iko kwetu sisi wengine, walimu, wauguzi, makarani, wauza mpunga, tunaotaka kutembea kwa mwendo wa dhahabu kwa mshahara usio wa dhahabu. Wapo wapendwa walioweka rehani kadi ya gari la zamani kwenye mkopo wa kausha damu ili waongezee fedha za gari jipya. Wakakosa yote mawili, wakabaki na deni.

Kwa hiyo ningeweza kuandika safu ya leo kwa wepesi sana: tosheka na ulichonacho, usiache mbachao kwa msala upitao, Amina. Hayo ni kweli. Ila mimi nilijificha nyuma ya ukweli huo, na ndiyo maana naandika.

Tulinunua gari la juu kwa sababu ya barabara. Nilikuwa nafundisha upande wa Kakola, na njia ya Kahama kwenda kule ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Ukitaka kufika Geita kwa kupitia upande wa Mwanza, ulikuwa unasubiri kivuko cha Kigongo na Busisi, na foleni yake wengi mnaikumbuka. Gari lile lilifanya kazi yake. Lilipeleka akina mama kujifungua usiku, ambao hata majina ya watoto wao sikuyajua. Lilimpeleka mama mkwe wangu Bugando, likamrudisha akiwa mzima. Lilibeba jeneza la shemeji yangu mpaka Maswa, viti vya nyuma vikiwa vimekunjwa. Vitu vya namna hiyo humfanya mtu akione chuma kama ndugu.

Mwaka jana mambo yakabadilika. Tarehe 19 Juni Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, lilizinduliwa pale Kigongo na Busisi. Leo mtu anatoka Shinyanga hadi Geita kupitia Usagara juu ya lami na daraja, na gari dogo linapita bila shida. Mimi nimeshahamia mjini. Nusu ya sababu zilizotufanya tununue gari la juu imeondoka, na mama watoto aliliona hilo kabla yangu.

Tulikaa mezani na daftari. Kuagiza jingine la aina ileile hakukuwezekana. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25. Injini ikizidi sisi 2,000 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10. Gari likiwa limezidi miaka 10 tangu litengenezwe linaongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uzee wake, na VAT ya asilimia 18 inakuja kupigwa juu ya mlima huo. Mtu wa mshahara anayetafuta gari la juu anaangukia kwenye magari yaleyale ya zamani, kwa hiyo analipia uzee mara mbili, kwanza forodhani na halafu gereji. Tukakubaliana tuuze lililopo, tuongezee akiba, tununue dogo lililokwisha kutumika hapahapa nchini. Tusikope. Yesu aliwaambia wanaotaka kujenga mnara wakae kwanza wahesabu gharama (Luka 14), nasi tulikuwa tumehesabu. Nililala vizuri usiku ule, nikijiona mtu mwenye hekima.

Wiki iliyofuata nikalipeleka gereji likasafishwe kwa ajili ya mnunuzi. Fundi akaliinua, akaingia uvunguni, akatoka anajifuta mikono. "Mzee, boli joint ya chini huku kulia imekwisha. Ikichomoka, tairi la mbele linalala, na usukani huna tena." Nikauliza ikichomoka lini. "Hiyo siwezi kukuambia. Inaweza ikakaa mwezi, inaweza ikatoka hapo getini." Kubadilisha pande zote mbili pamoja na ufundi alitaka shilingi 480,000.

Nikamjibu neno ambalo nimelitubia tangu wakati ule: "Ngoja kwanza, gari lenyewe tunaliuza."

Naomba uliangalie vizuri jibu hilo, maana sidhani ni langu peke yangu. Gari likishaamuliwa kuuzwa linakuwa yatima. Hakuna anayeona sababu ya kulitia fedha, kwa kuwa faida ataipata mwingine. Mwingine huyo naye bado hajulikani, kwa hiyo hana uso wa kutuaibisha. Na katikati ya uamuzi wa kuuza na siku ya kuuza, ambayo inaweza kuwa miezi mitatu, gari linaendelea kutembea barabarani na watu ndani yake. Letu lilitembea wiki tano. Katika wiki hizo nilipeleka vijana wa kwaya kwenye mkutano wa Injili Tinde, tisa kwenye gari la watu wanane, wakiimba njia nzima. Kabla ya kuondoka tuliomba ulinzi wa Mungu. Mimi ndiye niliyeongoza maombi.

Kuna sheria katika Kutoka 21 ambayo wafugaji wa Usukumani wanaielewa kuliko wachambuzi wengi wa mijini. Inahusu ng'ombe anayepiga watu kwa pembe. Ng'ombe ambaye hajawahi kufanya hivyo akimuua mtu, ng'ombe atauawa, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa na tabia hiyo, mwenyewe akaonywa, asimfunge, damu inamrudia mwenyewe. Pembe ni zilezile na kifo ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye ng'ombe alikuwa ameambiwa.

Nami nilikuwa nimeambiwa. Mpaka asubuhi ya siku ile gari lingeniangusha kama ajali tu, na watu wangekuja msibani wakasema ni mapenzi ya Mungu. Baada ya fundi kutoka uvunguni, neno hilo lisingekuwa kweli tena, hata kama msibani pasingekuwa na mtu wa kujua isipokuwa mimi na yeye. Tukiwa waaminifu, vifo vingapi vya barabarani tumeviweka kwenye mapenzi ya Mungu wakati kuna fundi mahali fulani aliyekuwa ameshasema? Shetani alimpandisha Bwana wetu juu ya hekalu akamtaka ajirushe, kwa hoja kwamba malaika watamdaka. Bwana alikataa (Mathayo 4). Mimi nilijirusha na watoto tisa wa wenzangu, nikiita hiyo imani.

Aliyenizuia si malaika. Mama watoto aliiona karatasi ya fundi kwenye mfuko wa shati nilipompa kufua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, wale watoto wa kwaya wana mama zao." Kesho yake asubuhi nikatoa fedha kwenye akiba ya gari dogo, nikaenda gereji kwa mwendo wa taratibu sana, taa za hatari zikiwaka.

Hapo ningemalizia, lakini liko la mnunuzi, na ndilo lililotugharimu zaidi.

Boli joint zilikuwa mpya, tairi lilikuwa salama. Yalibaki mambo mawili. Gia boksi, asubuhi injini ikiwa baridi, ilikuwa inachelewa kushika. Na rejeta ilikuwa imezibwa. Dalali alinishauri kama mtu anayenitakia mema. "Mzee, ukianza kusema hutauza. Yeye aje na fundi wake, asipoona ni bahati yake." Na kusema haki, dalali ana hoja. Anayenunua gari la mwaka 1998 anajua hanunui la jana, na soko zima linakwenda hivyo. Huenda hata wewe msomaji uko upande wake. Mimi nilikuwa upande wake siku mbili.

Kilichonitoa ni ile amri ya Walawi 19 inayokataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Kijana aliyekuja kulitazama alitoka Geita, mchimbaji mdogo, gari lake la kwanza maishani. Alinipa shikamoo kwa heshima, akalizunguka, akapiga tairi kwa mguu kama alivyoona wengine wakifanya. Hakuja na fundi. Alikuwa na macho mawili mazima, lakini kwenye gari lile alikuwa kipofu, na anayeona nilikuwa mimi. Nikamwita pembeni nikamwambia yote mawili, na la boli joint pia, pamoja na tarehe zilipobadilishwa. Dalali akaondoka kwenda kuongea na simu.

Tulitaka milioni 14. Kijana alikaa kimya kidogo, akasema ana 11 na nusu. Sikuwa na la kujibu, kwa sababu mashine ya kumshushia bei nilikuwa nimempa mwenyewe. Tukaandikishana kwa mwanasheria, tukaanza kuhamisha umiliki. Yule kijana wetu wa kidato cha tatu alinuna siku nzima. Alikuwa ameshachagua rangi ya gari jipya, na milioni mbili na nusu zile zilikuwa ndizo tofauti. Sikumhubiria. Hesabu ya fedha aliielewa vizuri, na yale mengine nadhani ataelewa siku akiwa na cha kuuza.

Gari dogo bado hatujapata. Ada ya Januari imetangulia mbele. Kanisani tunakwenda kwa bajaji, na mvua ikinyesha tunachelewa nyimbo za mwanzo. Mzee wetu yule ameniuliza mara mbili liko wapi, nami nimemjibu liko Geita linafanya kazi.

Ni kweli liko kazini. Wiki mbili baada ya kulichukua, kijana alinipigia simu alfajiri, akiwa Nyarugusu na watu wamekaa ndani wanamsubiri. "Shikamoo mzee. Ile gia uliyoniambia, leo imegoma kabisa kuingia. Nifanyeje?" Nikamwambia asikanyage mafuta kwa nguvu, aliache lingurume dakika tano, kisha ajaribu taratibu. Hakukata simu. Tulisubiri wote wawili, nikimsikia anaongea na abiria wake kwa mbali, mpaka likaondoka.