Kitufe cha Ripoti Kinahitaji Shahidi

Ndugu zangu mnaocheza gemu mtandaoni, iwe kwa simu ya mkononi au kwa kompyuta ya kuazima, nina ombi kwenu. Mkikutana na mlaghai, msiishie kumtukana na kuhamia mchezo mwingine. Mripotini, tena mripoti kama mashahidi.

Sote tunamjua. Kuna mwenye programu inayomlengea shabaha, risasi zake zikifuata vichwa vya watu huku yeye akitazama kwingine. Kuna anayewaona wapinzani nyuma ya kuta, kama mcheza karata aliyekukalisha ukiwa umekipa kioo mgongo. Na kwenye gemu za mpira yupo yule anayekata intaneti makusudi akishapigwa bao la tatu. Huyu hata programu hana. Ana roho ndogo tu.

Tusidhani kwamba hizi programu zinatengenezwa na watoto watundu. Mwaka 2021 polisi wa Kunshan, nchini China, wakishirikiana na kampuni ya Tencent, walivunja mtandao wa wauzaji wa programu za ulaghai wa gemu mbalimbali, Call of Duty Mobile ikiwamo. Watu 10 walikamatwa. Mauzo yao yalikadiriwa kufika dola milioni 76, na miongoni mwa mali zilizokamatwa yalikuwamo magari ya kifahari. Wateja walikuwa wakilipa kuanzia dola 10 hivi kwa siku hadi 200 kwa mwezi. Kwa hiyo yule kijana anayetamba kwamba amewazidi wenzake ujanja, ujanja wenyewe kaukodi. Akiupata wa bure, hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Faili lisilojulikana limetoka wapi, limewekwa kwenye simu na kupewa ruhusa zote linazoomba, na simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa ya nyumbani.

Kampuni za gemu hazijalala. Valve ilianza kutumia mfumo wake wa kuwasaka walaghai mwaka 2002, na mtego wao ninaoupenda kuliko yote ni wa Februari 2023. Ndani ya gemu yao ya Dota 2 waliweka sehemu ya data ambayo mchezaji wa kawaida asingeweza kuifikia kwa namna yoyote. Ni programu ya ulaghai pekee ambayo ingeisoma. Wakasubiri. Mwishowe wakafungia akaunti zaidi ya 40,000. Siku za mwizi ni arobaini, ndiyo, lakini lazima awepo mtu wa kuzihesabu.

Mashine nazo hukosea. Mwaka 2010 mfumo huo huo wa Valve uliwafungia kimakosa wachezaji wapatao 12,000 wa Modern Warfare 2. Kampuni ilikiri kosa, ikawafungulia, ikawapa na gemu ya Left 4 Dead 2 bure. Oktoba 2023, kampuni ya AMD ilitoa programu ya kompyuta ya kupunguza ucheleweshaji kati ya kubonyeza kitufe na kuona matokeo kwenye skrini, na baadhi ya walioitumia kwenye Counter-Strike 2 wakajikuta wamefungiwa bila kosa lolote. AMD ikaiondoa. Nayakumbusha haya kwa sababu kuna wenzetu ambao kila mtu akifungiwa hupiga vigelegele bila kuuliza. Anayefungiwa huenda anapoteza miaka ya kucheza na fedha alizonunulia vitu vya gemu. Ana haki ya kuambiwa kosa lake na kusikilizwa na mtu, si kujibiwa na mashine iliyomhukumu. Tuwadai walaghai wafungiwe, na kwa sauti hiyo hiyo tudai rufaa ya kweli.

Mfano mzuri wa hukumu inayotolewa na watu upo. Mwaka 2013 Counter-Strike iliwapa wachezaji wake wazoefu kazi ya kuamua kesi kama wazee wa baraza mahakamani. Mzoefu alionyeshwa rekodi ya mchezo wa mtuhumiwa, majina yote yakiwa yamefichwa, kisha akaamua kama ulaghai umethibitika pasipo shaka au ushahidi hautoshi. Kule kuficha majina ndiko kunakonifurahisha. Hujui kama ni rafiki yako au yule aliyekutukana jana. Unatazama alichokifanya, basi.

Nasi tuanzie hapo. Kabla ya kubonyeza, rudia kutazama rekodi kama gemu yako inayo. Seva nyingi tunazochezea ziko mbali, Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini, na mtandao ukisuasua mchezaji safi kabisa anaweza kuonekana anaruka kutoka kona hadi kona, au umekwisha kujificha nyuma ya ukuta na bado risasi yake inakupata. Huo si ulaghai, ni umbali. Ila ukiona mtu anafuatisha mtutu ukutani, hatua kwa hatua na adui asiyeweza kumwona, na akarudia hivyo raundi baada ya raundi, hifadhi kipande hicho. Andika dakika na alichokifanya. Usiwaombe wenzako kumi wamripoti mtu ambaye hawakucheza naye, maana hao si mashahidi, ni genge.

Lililo gumu zaidi ni la rafiki. Mlaghai akiwa upande wa pili tunapiga kelele. Akiwa kwenye kikosi chetu na pointi zinapanda, tunanyamaza. Naomba tusinyamaze. Mwambie hutacheza naye hadi aifute hiyo programu, na ukiambiwa unajifanya malaika, ondoka kwenye kikosi. Ushindi aliowapa unatoka kwa mtu aliyenunua bando kwa hela ya nauli ili acheze saa moja.

Nanyi mnaoendesha ligi za eFootball kwenye makundi ya WhatsApp, andikeni sheria kabla hamjakusanya viingilio. Mtandao ukikatika mchezo unarudiwa au unahesabiwa? Ukikatika kwa mtu yule yule mara ya pili je? Picha za skrini atumiwe nani, na aliyefungiwa akate rufaa kwa nani? Huyo wa kuamua asiwe mchezaji wa ligi hiyo, wala asiwe ndiye anayeshika fedha.