Nyambizi sebuleni

Dada mmoja wa Tabata aliniletea malalamiko yake mwezi uliopita, na kwa ruhusa yake nayaweka hapa. Mume wake ni mhasibu, mtu mtulivu, hanywi, harudi usiku wa manane. Ana ugonjwa mmoja tu: vitabu vya mitumba vya nyambizi na manowari. Jumamosi akipita Posta, harudi mikono mitupu. Vimejaa kabatini, vimepanda juu ya friji, na vingine sasa viko chini ya kitanda cha mtoto. "Da' mhariri," anauliza, "mwanaume mzima, kazi yake mahesabu, nyambizi za nini? Hata kuogelea hajui!"

Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mimi mwenyewe ninavyo arobaini na kitu. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, leo usitegemee hukumu ya haki. Hakimu kala rushwa.

Tuanze na hilo swali lake, nyambizi za nini. Watu wanadhani vitabu hivi ni milipuko mwanzo mwisho. Vya namna hiyo vipo, tena vingi, na mimi huviacha hapo hapo mezani. Vile vizuri vinahusu watu waliofungiwa kwenye bomba la chuma, hawana pa kwenda, hawawezi kununiana zaidi ya siku mbili, na mmoja akikoroma wote wanajua. Kama umewahi kupanga chumba na sebule na mtu mliyeoana juzi tu, utaelewa kwa nini navisoma.

Chukua Around the World Submerged, kilichotoka mwaka 1962. Mwandishi wake, Kapteni Edward L. Beach, ndiye aliyeongoza USS Triton, nyambizi ya nyuklia ya Marekani iliyozunguka dunia ikiwa chini ya maji mwaka 1960. Waliondoka tarehe 16 Februari, wakarudi 11 Mei. Siku 84, watu wapatao 180 ndani. Mzunguko wenyewe, kuanzia kwenye visiwa vya mawe vilivyo katikati ya Atlantiki hadi kurudi pale pale, ulichukua siku 60 na saa 21.

Sasa sikia hii. Safari ilikuwa siri. Mabaharia walijua wanakwenda kuijaribu nyambizi mpya, basi. Ila walishauriwa mapema wamalize kabisa mambo yao ya kodi ya mapato, na waweke sawa shughuli zote za fedha mpaka katikati ya Mei. Hebu jiweke wewe ndiye mke. Mwezi wa pili mumeo anakaa mezani anajaza fomu za kodi zinazotakiwa mwezi wa nne, mtu ambaye miaka yote hukimbizana na tarehe ya mwisho, na ukimuuliza kulikoni anakwambia kazi tu. Mimi ningepekua mifuko ya suruali.

Humo ndani kuna mambo. Baharia mmoja alishikwa na mawe ya figo, ikabidi wageuze njia warudi hadi nje ya Montevideo kumkabidhi kwa manowari nyingine, huku Triton ikitoa mnara wake tu juu ya maji. Ufilipino, kijana mmoja kwenye mtumbwi akaona darubini inamchungulia kutoka baharini, naye wakampiga picha kupitia darubini hiyo hiyo. Sehemu ninayoirudia ni pale sigara zilipopigwa marufuku kwa siku chache ili kupima hali ya hewa ya ndani. Watu waliovumilia wiki nane bila kuona jua, siku tatu bila sigara zikawashinda. Hasira juu, maneno yakawa makali. Wenye waume wanaojaribu kuacha sigara msinieleze, najua.

Au Nautilus 90 North cha mwaka 1959, cha William R. Anderson, nahodha wa nyambizi iliyopita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini tarehe 3 Agosti 1958 ikiwa na watu 116. Kabla ya safari ile mtambo wa kupoozea mvuke ulikuwa unavuja, na tundu halionekani. Mabaharia wakavaa kiraia, wakazunguka Seattle wakinunua makopo ya ile dawa ya kuzibia rejeta ya gari. Wakamimina, ikaziba. Nyambizi ya nyuklia, fahari ya taifa, imetengenezwa kama daladala. Fundi yeyote wa Gerezani angewapa mkono.

Haya, turudi kwa dada yetu. Nimeisoma barua yake mara tatu, na naona kinachomuuma si nyambizi. Ni chini ya kitanda cha mtoto. Nafasi ya nyumba imechukuliwa bila yeye kuulizwa, na bei ya vitabu hivyo hajawahi kuambiwa, kwa hiyo kila kimoja anakikadiria kwa hofu. Shemeji, kama unasoma hapa: taja bei. Kitabu cha elfu tano kisichotajwa bei huwa elfu hamsini kichwani mwa mkeo. Kwangu tulikubaliana rafu mbili, si zaidi, na rafu ikijaa kinachoingia kinamtoa kingine. Baba watoto naye ana redio zake mbovu za zamani, mkataba ni huo huo. Tumegombana juu ya mengine mengi, juu ya hilo hapana.

Na wewe dada, kuna jambo moja. Nenda naye Jumamosi moja. Usiende kumlinda, nenda tu.

Utaona wanavyonunua. Mwuza vitabu wa kando ya barabara mara nyingi hupima bei kwa unene na kwa jalada linavyong'aa, hana habari na kilichomo. Ndiyo maana kitabu chembamba chenye jalada lililofifia ni pa kuangalia kwanza. Fungua upande wa nyuma wa ukurasa wenye jina la kitabu, soma mwaka na idadi ya matoleo. Lakini usidanganyike kwamba cha zamani lazima kiwe mali: vitabu vya Wamarekani vya miaka ile ya Triton na Nautilus vilichapwa kwa wingi sana, vingine kwa ajili ya wanachama wa klabu za vitabu, na nakala ya kawaida haitakujengea nyumba. Angalia ramani. Vitabu vya bahari huwa na ramani za kukunjwa na picha katikati, na hizo ndizo watu huzichana. Kitabu cha safari bila ramani nakilipa nusu ya bei, tena kwa kununa.

Angalia pia maandishi ya wenyewe wa kwanza. Nina kimoja chenye muhuri wa maktaba ya shule na karatasi ya tarehe za kuazima, kiliazimwa mara mbili tu. Kingine mtu kamwandikia baba yake heri ya kustaafu. Wakusanyaji wengine hawapendi kitabu kilichoandikwa. Mimi ndicho ninachokinunua kwanza.

Joto letu la pwani ni adui. Usibane rafu kwenye ukuta unaotoa unyevu, acha upenyo hewa ipite. Jua la dirishani hufifisha jalada, mende hula gundi, na ukurasa uliochanika usiubandike kwa gundi ya karatasi ya nailoni, baada ya miaka inageuka kahawia na kula maandishi. Kitabu chenye ukungu kianike kivulini penye upepo, kisha kiweke mbali na wenzake mpaka uhakikishe kimepona. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Ila nisiseme kama vile mambo haya ni ya Wazungu na barafu yao tu. Historia ya manowari imepita mlangoni kwetu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, ikajificha kwenye delta ya Rufiji mpaka ilipomalizwa mwezi Julai 1915. Mizinga yake kumi ikang'olewa, ikapelekwa kupigana nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, utakuwa umepiga nao picha bila kujua. Ziwa Tanganyika lina kisa chake, cha Mimi na Toutou, boti mbili za Waingereza zilizoburutwa kupita porini mpaka ziwani mwaka 1915. Giles Foden alikiandikia kitabu mwaka 2004, nacho kinapatikana bila shida.

Kuna kisa kingine ambacho hakipatikani kirahisi, na ndicho kinachonifanya nisichoke kupekua meza za watu.

Kitabu cha bahari ambacho hutakikosa kwenye mitumba ni The Cruel Sea, riwaya ya Nicholas Monsarrat ya mwaka 1951. Filamu yake ilitoka mwaka 1953. Ndani yake nahodha wa manowari anafukuza nyambizi iliyojificha chini ya watu wanaoelea baada ya meli yao kuzama. Akidondosha mabomu, atawaua wale wanaompungia mkono. Asipodondosha, nyambizi itazamisha meli nyingine. Wasomaji wengi wanaikumbuka sehemu hiyo kuliko zote. Ni hadithi ya kutunga, na bahari yake ni Atlantiki.

Katika Bahari ya Hindi ilitokea kweli. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa kwenye msafara wa meli tano na manowari za kuzisindikiza. Ilikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote, maofisa na askari 996, lilikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwemo pia manesi na wanawake wengine wa jeshi, zaidi ya themanini. Mchana wa tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kabla dakika mbili hazijaisha. Manowari Paladin ikashusha boti kuokota waliokuwa wakielea. Nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari ya pili, Petard, ikapita na kudondosha mabomu. Baadaye I-27 ililazimika kuibuka, na Petard ikaimaliza kwa topido.

Walikufa watu 1,297. Kati ya wanawake, sita ndio waliookoka.

Rafiki zangu waliosoma riwaya ya Monsarrat nimewauliza kama wanaijua Khedive Ismail. Hakuna. Msomaji mmoja wa Mombasa, mtu wa historia hasa, hakuijua, na meli ilitoka bandarini kwake. Katika vitabu vya jumla vya vita vya baharini nilivyonavyo, viwili vinaitaja: kimoja kwa aya moja, kingine kwa sentensi inayohesabu "wanajeshi" bila kusema wa wapi. Wake za askari wale, nao walikuwa wanangoja kama wa mabaharia wa Triton, bila kujua waume wapo bahari gani. Tofauti ni kwamba wale wa Triton walirudishiwa wenzao tarehe 11 Mei, na kapteni akaandika kitabu.

Kwa hiyo nikikuta kitabu cha Bahari ya Hindi, hata kiwe hakina jalada, naanzia nyuma kwenye faharasa. Natafuta herufi K, halafu "East African Artillery", halafu Mombasa. Mara nyingi sioni kitu, nakirudisha. Kinachoeleza kisa hiki kwa kirefu ni Passage to Destiny cha Brian James Crabb, cha mwaka 1997. Kwenye meza za Posta sijakiona hata siku moja. Msomaji ukikikuta, na kama hujakipenda wewe mwenyewe, nitumie ujumbe kabla hujamwambia yule mhasibu wa Tabata. Rafu ya pili ina nafasi ya kitabu kimoja, na baba watoto ameshaambiwa bei.