Shaka peke yake isimnyime mtu hifadhi

Mfanyabiashara anayevuka Petite Barrière, kati ya Rubavu na Goma, amezoea kuulizwa: umetoka wapi, umebeba nini, unarudi lini? Jibu la leo likipishana na la jana, hasara yake ni kuchelewa sokoni. Kwa mwomba hifadhi, kupishana huko kunaweza kumrudisha alikokimbia.

Novemba 15, 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliukataa mpango wa kuwaleta Kigali watu walioomba hifadhi nchini humo. Kilichowatia majaji mashaka ni namna maombi yanavyosikilizwa Rwanda. Walionyeshwa takwimu za UNHCR kwamba kati ya 2020 na 2022 maombi ya watu wa Afghanistan, Syria na Yemen yalikataliwa yote, na kwamba haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu ilikuwa haijatumiwa hata mara moja.

Mpango huo umeshafutwa, lakini swali limebaki Kigali. Wakimbizi wengi wa Kongo na Burundi walioko Rwanda wametambuliwa kwa makundi. Anayehojiwa peke yake ndiye anayepimwa neno kwa neno.

Ni kweli mwamba ngoma huvutia kwake, na waongo hawakosekani. Hata hivyo, mwongozo wa UNHCR wa 1979 unasema kutafuta ukweli ni kazi ya mwombaji na ya anayemhoji. Maelezo yakishikamana, wala hayapingani na yanayojulikana, shaka iliyobaki imnufaishe mwombaji. Aliyekimbia usiku hakupata nafasi ya kukusanya vyeti. Aliyeteswa huenda akasahau tarehe. Na aliyekuwa akivuka mpaka kila siku na mzigo wake asiambiwe kuwa safari hizo zinathibitisha hakuwa na hofu. Hofu yaweza kuanza asubuhi ya leo.

Kwa hiyo kila mwombaji asikilizwe ana kwa ana, kwa mkalimani anayeelewana naye. Maelezo yake yakipishana, aonyeshwe wapi, apewe nafasi ya kujieleza. Akikataliwa, aandikiwe sababu. Bila sababu hizo atakata rufaa dhidi ya nini?

Muuza nyanya akitozwa ushuru mpakani hudai risiti. Anayenyimwa hifadhi hastahili kuondoka mikono mitupu, bila hata karatasi inayomweleza kwa nini hakuaminiwa.